Taa ya Vifaranga

Lanet,
Jumatano, 12 Novemba 2025

Kwa kaka Kipkemoi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, Cate na watoto. Natumaini baridi ya Sachangwan haijawalaza, na kwamba mliwahi kuvuna viazi kabla mvua haijaviozesha. Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka, na ndiyo maana naandika. Kwa simu ungenikatia kama ulivyonikatia Jumapili.

Jana nilienda mtaa wa Rhonda kwa huyo Peterson mnayemwita daktari. Nilitaka kuona ni kitu gani kilichomfanya Baba, mtu mwenye saratani ya koo, aache kwenda kupigwa miale hospitalini kwa wiki tatu nzima. Kaka, nilikuta chumba kimoja cha mabati nyuma ya kinyozi, watu wanane kwenye benchi, na ndani taa nyekundu imening'inizwa kwa waya. Taa ya vifaranga! Wewe umefuga kuku miaka sita, ulishindwaje kuitambua? Mgonjwa ananyweshwa maji ya rangi ya machungwa, anamulikwa shingoni dakika kumi, kisha mzee mzima anatoka pale akiamini ametibiwa.

Nilimwuliza huyo bwana anajua nini kuhusu rutheni anayodai imo kwenye maji yale. Alinijibu bila haya kwamba ni dawa imetoka majuu, na kwamba madam nisimharibie kazi, wagonjwa wenyewe wanaona results. Nilipomtajia maafisa wa afya alicheka, akaninyooshea kidole ukutani. Nilichokiona pale nitakuambia ni nini, lakini kwanza unisikilize.

Rutheni ni madini. Sisi kule maabara ninakofanya kazi tunaiunganisha na kemikali nyingine, tunapata unga wa rangi ya chungwa ambao hukaa kimya mpaka umulikwe. Ukipata mwanga unaoufaa, unaua seli zilizo karibu nao. Shida ni kwamba mwanga wa kawaida haupenyi nyama kwenda mbali. Ule uliopita wekundu, usioonekana kwa macho, unapenya zaidi, lakini chembe yake moja haina nguvu ya kuiamsha dawa. Lazima dawa ipokee chembe mbili kwa mpigo mmoja. Ni kama mimi na wewe tulipokuwa tukimtwika Baba gunia la viazi: ukiinua wewe sasa na mimi baadaye, gunia linabaki chini. Kupata chembe mbili namna hiyo kunataka laser kali ajabu. Balbu ya kuku haiwezi, hata ukimulikwa mpaka Krismasi.

Halafu wewe, kifungua mimba wa nyumba yetu, unaniambia miale ya hospitali inachoma watu, na kwamba Baba anaendelea vizuri! Anaendelea vizuri wapi? Cate ameniambia hata uji sasa unamrudi. Nilikasirika mpaka nikashindwa kufanya kazi. Nimekuita mjinga mbele ya wenzangu wa maabara, na sijui kama nina haki.

Kwa sababu ukutani kwa Peterson kuna picha yangu. Nimevaa gauni la buluu, nimeshika maikrofoni, siku ile ya shukrani kanisani mwezi wa nane. Aliitoa kwenye grupu ya WhatsApp ya kanisa, akaiandika chini kwamba dawa imegunduliwa na binti yetu. Unakumbuka pasta aliniita nitoe ushuhuda. Unajua tunavyoshuhudia sisi: mtu anashukuru kwa jambo ambalo halijafika kana kwamba analo mkononi, na watu wanaitikia amina. Nami nikasema tumepata dawa ya mwanga, imeua saratani ya koo, nimeona kwa macho yangu. Nilichoona ni seli ndani ya kisahani cha plastiki. Hakuna hata panya aliyewahi kupewa. Hiyo laser yenyewe sijawahi kuiona, tulituma sampuli ng'ambo tukaletewa grafu kwa barua pepe.

Kuna jingine, na hili Baba hajakuambia. Asubuhi ile ya kwanza aliyokosa hospitali, alinipigia simu. Aliuliza kama ni lazima aende, au angoje dawa yangu. Jibu nililijua. Lakini alikuwa akiongea kwa fahari ambayo sijawahi kuisikia kwake tangu nizaliwe, nikashindwa kumvunja moyo. Nilimwambia angoje kidogo, tuko karibu. Kaka, wiki tatu nimekugombeza wewe kwa neno lililotoka kinywani mwangu.

Leo nimeenda hospitali nikawabembeleza, wamempa Baba Jumanne ijayo, saa mbili asubuhi. Nitawangoja getini. Peterson nimemripoti, picha na jina langu vikiwemo. Jumapili nitasimama kanisani, nimeshamwambia pasta.

Sasa keti na Baba umsomee barua hii yote, usiruke mahali popote kwa kunihurumia. Akikuuliza kama ni kweli mimi nimeandika, mwonyeshe mwandiko. Mwambie dawa ya binti yake haipo, na kwamba binti yake alijua.

Nisalimie Cate na majirani wote wanaoniulizia, nibusie watoto. Mungu awalinde mpaka tuonane Jumanne.

Ni mimi mdogo wako,
Jepkemei