Majani ya Chai Nimeondoka Nayo

Wanangu,

Maharage yako tayari, yapasheni moto. Mlango wa nyuma mfunge, yule paka ameshajua njia.

Leo asubuhi nafungua kopo la majani ya chai, tupu! Kifungua mimba wangu, hii ni kazi yako. Umesoma kwenye simu kwamba chai inamaliza damu, ukaishia hapo. Muuguzi wa kliniki alisema mbele yako: polifenoli, kemikali za asili za kwenye chai, hushika madini ya chuma ya chakula, yasiingie vizuri mwilini. Kwa hiyo nisinywe chai pamoja na chakula, wala na vidonge vyangu vya kuongeza damu. Katikati ya mlo na mlo ninywe, tena huenda ikanifaa moyo. Hakusema niachishwe chai kama mtoto ziwa!

Halafu unamficha mama kitu jikoni kwake? Majani nimeyakuta kwenye pakiti, chini ya unga.

~~Nitarudi mapema.~~ Nitarudi nikitosheka. Naenda kwa shangazi yenu, pakiti ninayo mkobani. Na nyinyi mnaoteremsha maharage kwa chai kila jioni, leo teremsheni kwa maji. Au damu ya kulindwa ni yangu peke yangu?

Mimi mama yenu, mwenye jiko.