Mkwe Dirishani

Jumatatu, 11 Machi 1996

Costancia kaondoka. Kapata kazi zahanati ya mtu binafsi, Mikumi, pale barabara kuu – mshahara kwa wakati, sare mpya! Nimemtania, nimembebea begi hadi stendi, nikarudi wodini kulia. Muuguzi wa mchana nimebaki mimi tu.

Jumanne, 12 Machi

Wameleta mama kutoka Tindiga, Bi Kishiwa. Nyoka kamgonga akipalilia mpunga. Dawa ya sumu hatuna – tangu lini tulikuwa nayo? Kope zikalegea, kisha pumzi ikakata. Daktari kampitishia mpira kooni, akaunganisha kile kifuko cha kubinya kwa mkono. Kasema tukibinya bila kuacha, sumu itaisha na mama atapona. Tukiacha, basi.

Anabinya bintiye, Juliana, mimba imefika mwisho. Nimemwambia amsemeshe, mama anasikia kila kitu. Nawaonea wivu. Mimi nani wa kunisemesha?

Mume wa Juliana, Masunga, yuko nje ya dirisha, kaligeuzia mgongo. Nimemwita ampokee mkewe kubinya. Katikisa kichwa. Kwao mwanaume hakai chumba kimoja na mama mkwe, sembuse kumtazama amelala. Nikamfokea.

"Nitukane tu, sista. Siingii."

Jumatano, 13 Machi

Wa zamu ya usiku walimpokea Juliana kubinya, asubuhi akarudia. Sasa kashikwa uchungu! Na daktari kaenda Morogoro na mgonjwa mwingine. Kifuko nikakishika mimi. Nikikiacha, mama anakufa. Nikimwacha Juliana ajifungue peke yake, labda nampoteza yeye na mtoto. Nikapiga kelele dirishani – maneno mengine sitayaandika, aibu tupu.

Masunga kaingia. Kinyumenyume! Nikatundika kanga yangu kati yake na mama, akapitisha mikono chini ya kanga. Binya, achia. Binya, achia. Anabinya vizuri kuliko mimi, macho kayakaza ukutani, jasho linamchuruzika.

Juliana kapumzika kidogo, naandika nimesimama mlangoni kwake. Kutoka hapa naona pande zote mbili za kanga. Kope za mama zimecheza – nimeziona! Nikamwambia Masunga, mama anaamka!

Hakuacha kubinya. Kauliza, macho bado ukutani:

"Sista, akifumbua macho akanikuta, nifanyeje?"

Juliana ananiita.