Mlio wa Lori la Mahendra

Mbeya, 9 Juni 1956

Shemeji Sedekia,

Amani ya Bwana iwe nanyi huko Kihesa. Huku viazi vimekubali, ila lori limenichosha. Tangu mdogo wako Jailos alipoligongesha kwenye daraja la Igawa na fundi Shabbir akalinyoosha, linalia chini kama sufuria zinazoanguka. Mahendra mwenye lori anamlaumu fundi, fundi anailaumu barabara ya Chunya, na mume wangu huyo anasema, "Hakuna kelele, mama Ikupa. Mnapenda maneno tu." Tumegombana mpaka naona haya kwenda kanisani.

Jana nilimpelekea Jailos chakula gereji. Shabbir alijilaza juu ya madigadi asikilize, akamwambia, "Likianza tu kulia, simama." Likaanza. Watu wa sokoni waligeuka. Jailos akanipita anatabasamu, Shabbir akipiga bodi kwa ngumi na kumwita.

Aliposhuka hakusema habari za lori. "Mama, huyu hasikii. Ajali ilimharibu masikio."

Jailos ananisihi nisimwambie Mahendra. Shabbir amelizuia lori mpaka Jumatatu ijayo, kisha litapanda Chunya, na kwenye zile kona madereva huonyana kwa honi tu. Nimemsihi Jailos aache usukani, amenikatalia. Wewe mkubwa wake atakutii, kwa hiyo panda basi uje.

Nami kila jioni nilikuwa namkemea mume wangu kwamba anasali macho wazi. Kumbe ananitazama mdomo, ajue wapi aseme amina.

Ni mimi shemeji yako, ninayekungoja,
Damari