Adapta ya TV ya Wazazi

Jumatatu, 4 Novemba
Vumbi la chaki tena. Nimechora bureti, ule mrija wa kudondoshea asidi, ubaoni kwa mara nyingine, Kidato cha Nne wakainakili kama ramani. Mtihani wa vitendo wa kemia ni wiki ijayo na hawajawahi kuona tone la asidi likibadilisha rangi. Kemikali shuleni kwetu huletwa siku ya mtihani tu. Video ninayo kwenye laptop. TV waliyonunua wazazi iko ukutani, imefunikwa kanga. Laptop kuukuu, tundu lake la picha ni VGA. TV inataka HDMI. Kesho mjini, kutafuta adapta.

Jumanne, 5 Novemba
Muuzaji wa Bagamoyo kaapa wallahi inafanya kazi. Haifanyi. Nimeijaribu kwenye TV yetu ya nyumbani, nyeusi tii.

Jumatano, 6 Novemba
Rafiki yangu anayefundisha kompyuta kanieleza kwa simu. Kumbe adapta hizi zina upande. Yangu inatoa picha HDMI kwenda VGA. Mimi nataka VGA kwenda HDMI. Kwa macho ni mapacha. Nimekasirika mpaka chai imenishinda. Muuzaji hataki kuirudisha, eti nimeshaifungua. Ningeijaribuje bila kuifungua?

Alhamisi, 7 Novemba
Duka jingine. Safari hii nimebeba laptop, nikagoma kulipa mpaka picha itoke kwenye TV yao. Ikatoka. Hii ina kimkia cha USB cha kuvutia umeme. Nimerudi kijijini Zinga nacheka peke yangu.

Ijumaa, 8 Novemba
Grili ya chuma, chini ya ile kanga. Fundi aliichomelea TV kwa hofu ya wezi, na nondo moja imeziba tundu la HDMI. Waya hauingii. Wiki nzima nahangaika na adapta, kumbe.

Baada ya swala nikamfuata Mzee Kombo, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Kisha akasema grili ni mali ya wazazi, haikatwi bila kikao. Kikao ni Desemba. Nikamkumbusha kwamba mtihani ni Alhamisi, na Zuhura, mjukuu wake, yumo.

"Subira, Mwalimu."

Sina. Imeniisha.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimekata. Msumeno wa chuma wa mume wangu, mimi juu ya meza, wanafunzi wameishika isiyumbe. Nondo inaanguka, Mzee Kombo huyo mlangoni. Nikajua nimekwisha. Akaitazama nondo sakafuni, akaingia. Nikachomeka waya.

Picha ikatoka. Njano, njano, njano, halafu chungwa. Darasa zima likaguna. Mzee alikuwa amekaa dawati la nyuma.

"Hapo ilipogeuka, Mwalimu, unaweza kurudia?"

Nikarudia.

Alhamisi, 14 Novemba
Nilisubiri nje mpaka mtihani ukaisha. Zuhura katoka na doa la chungwa kidoleni.

"Madam, nimelijua tone lenyewe."

Nimeifunga adapta kwenye pindo la ile kanga na kuifunika TV tena.