Herufi ya Kwanza

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Semina leo. Siku nzima! Mwezeshaji katoka Dar, dada mmoja anaitwa Nancy, viatu vyeupe, sauti ya redio. Tumejibu maswali sitini kwenye simu, kisha kila mtu akapewa herufi nne za kuonyesha ni mtu wa aina gani. Ofisi nzima ikawa darasa la kwanza — watu wazima wanasomeana herufi.

Mimi ni ISTJ. Nancy akanitafsiri mbele ya wote. S, mtu wa vitu vinavyoshikika. T, anaamua kwa kichwa. J, anapenda ratiba. Na I? Akakwama kidogo. "I ni... mpweke." Watu wakacheka kwa adabu. Nikacheka na mimi.

Nimerudi Njiro nimefarijika, sitajidanganya. Kumbe ndivyo nilivyoumbwa! Nyumba kuwa kimya tangu mke wangu, Mama Bariki, afariki, watu kuacha kuja — ni herufi tu.

Jumatano, 10 Septemba

Bosi kaniita. Karatasi ya Nancy iko mezani kwake. Bwana Gidion anasema imemfungua macho: miaka kumi na tisa niko mapokezi, nasikiliza wakulima wa kahawa asubuhi mpaka jioni, kumbe mtu kama mimi anateseka! Kuanzia mwezi ujao nihamie ghala la Kisongo. Mimi, magunia, na daftari la kuandika unyevu wa kahawa. Hakuna wa kunisumbua. Kanipa barua ya uhamisho, niirudishe Ijumaa ya wiki ijayo ikiwa imesainiwa.

Nikasema asante. Asante! Kama mtu aliyepandishwa cheo.

Saa kumi Bariki akapiga kutoka Dodoma. Shikamoo baba, unaishije huko peke yako? Nikamjibu lile la siku zote: mimi napenda utulivu, mwanangu. Akasema sawa baba. Dakika mbili zilitosha.

Jumapili, 14 Septemba

Nimepanda Nkoaranga, kijijini kwetu, kusali kanisa la nyumbani. Baada ya ibada, mnada wa sadaka za mazao, kama kawaida. Brayson ndiye mnadishaji, ana koo la spika. "Sifaeli kaongeza! Sifaeli wa Njiro hataki mchezo!" Watu wanageuka, wananipungia. Nikaongeza tena. Jina langu limetajwa mara saba, nilihesabu.

Nimerudi na mikungu miwili ya ndizi, boga na jogoo. Atakula nani? Jogoo nimemfunga mguu uani, ananitazama kwa dharau.

Halafu nikajiuliza. Mtu aliyeumbwa kukaa peke yake angenunua jogoo ili tu asikie jina lake likitajwa?

Jumanne, 16 Septemba

Lucky, binti wa maabara ya kuonja kahawa, ndiye bingwa wetu wa mambo haya ya herufi. Anayafuatilia YouTube kila siku. Nimempelekea ndizi, nikauliza kama mzaha: hivi herufi zinaweza kukosea?

Akaweka kijiko chini. "Baba Bariki, herufi ni lebo ya gunia. Kahawa iko ndani."

Ndani, anasema, kuna kazi za akili. Kuhisi, kufikiri, kupokea mambo kwa macho na masikio, na machale. Kila moja ina upande wa ndani na upande wa nje, kwa hiyo zinakuwa nane. Kila mtu ana moja inayoongoza, nyingine zinaifuata nyuma. Nikamwambia aende polepole, mimi ni mzee. Akaenda polepole. Mwenye kuhisi kwa ndani anajipima mwenyewe: hili linanigusa, hili halinigusi. Mwenye kuhisi kwa nje akiingia chumbani, kabla hajakaa anajua nani kanuna na nani hajapewa chai.

Kisha akanichomekea swali. Mkulima wa kwanza leo alikuwa nani? Nikasema Mzee Ephraimu. Chai hakuimaliza, ng'ombe wake amekufa ila anaona aibu kusema, nikamkalisha karibu na Mama Naisiae kwa sababu yeye naye alipoteza wawili mwaka jana, wakaongea mpaka mzee akacheka.

"Alileta magunia mangapi?"

Sikumbuki! Mimi, mtu wa kumbukumbu! Nikasema iko kwenye daftari.

Lucky akacheka sana. Kumbukumbu ninayo, anasema, lakini inabeba watu. Inayoniongoza ni kuhisi kwa nje. "I huna hata chembe, Baba Bariki. Uliulizwa ulivyo, ukajibu unavyoishi siku hizi."

Nikaenda chooni nikafungulia bomba. Sikulia. Haya, nililia.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimerudia maswali yale, taratibu. Wikiendi unapenda kukaa nyumbani? Nimezoea. Kupenda, sijawahi. Mara hii mahali pa I imetoka E, herufi ya mtu anayependa watu.

Dada Nancy alikosea tafsiri ya herufi, ila mimi alinipatia sawasawa. I ni mtu anayependa kukaa peke yake, siyo mpweke. Mpweke ni mimi.

Sasa kesho nimwambie bosi sihami kwa sababu gani? Mgongo? Vumbi la Kisongo? Sababu za uongo ninazo nne, zote nzuri. Lakini nikisema mgongo atanitafutia kiti kizuri na chumba kingine cha nyuma, kimya vilevile. Ya kweli ni moja tu na inanitia aibu. Miaka miwili nimewaambia wote napenda utulivu. Niliwaambia vizuri mno, wakaniamini.

Ijumaa, 19 Septemba

Saa nne na nusu. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya bosi. Barua iko pajani, haijasainiwa. Daftari nimekuja nalo ili mikono iwe na kazi.

Nimejaribu kwa sauti ndogo: Bwana Gidion, mimi utulivu siupendi. Nina upweke.

Kumbe Lesian, mlinzi wetu, kasimama nyuma yangu na kikombe cha chai. "Baba Bariki, unaongea na nani?"

Na mimi mwenyewe, nikasema.

Akanitazama. Akasema yeye alijua sipendi kuongea, ndiyo maana hunipita tu getini, salamu basi. Nikamuuliza kaambiwa na nani. "Na wewe. Siku ya matanga tulikuja kwako ofisi nzima. Ulisema asanteni, sasa niacheni nipumzike."

Nilisema hivyo! Sikumbuki kabisa. Nilitaka kupumzika siku ile. Siku ile moja.

Lesian ameketi. Benchi fupi, mabega yetu yanagusana. Chai yake anainywa kwa sauti. Tangu lini nimekaa hivi na mtu?

Nimemwambia nina jogoo. Nimemuuliza kama Jumapili anaweza kuja Njiro, aje na mama watoto, mimi peke yangu simmalizi.

Anafikiria. Anahesabu zamu zake kwa vidole.

Mlango umefunguka. Bosi ananiita — sasa mara ya pili. Nimemwonyesha mkono asubiri kidogo. Lesian hajanijibu bado.