Magadi ya Shija

Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron

Mama yangu mpenzi,

Mwangaluka mayu. Magoti yanasemaje? Pamba mmemaliza kuvuna? Mimi mwili ni mzima, ila situlii. Barua hii nimeianza mara nyingi, nikainuka kuutazama mlima, nikarudi.

Tangu nije kuchukua vitu vya marehemu kaka Shija nikaombwa nibaki kwenye kazi yake, sijakueleza vizuri kazi yenyewe. Nachota maji ya chemchemi ya moto kwenye chupa, pale pale alipochota yeye, na wataalamu wanayapima kujua volkano inafanya nini huko chini. Jiwe alilokalia akifunga vifuniko, nami nalikalia.

Juzi tukiwa tunakula, dada Rehema anayepima maji akanitania, "Ninyi Wasukuma na mlenda! Ute mtupu."

"Hujaonja wa mama. Anautia magadi ya hapa."

"Ya hapa wapi?"

"Si chemchemi yetu? Kaka alikuwa anakwangua ule weupe kwenye mawe, anampelekea."

Akaacha kula. "Bado anayatumia?"

Mama, alinieleza taratibu. Maji haya yamekuwa yakibadilika kidogo kidogo tangu chupa za kwanza za Shija. Kuna madini yanaitwa floraidi, yanazidi kupanda, na yanabaki kwenye ule weupe. Yanaharibu meno ya watoto na kukaza mifupa ya wakubwa. Kaka hakujua; wataalamu wenyewe wameliona hilo baada ya kulinganisha maji ya miaka mingi. Nimekumbuka magoti yako, na meno ya kahawia ya mtoto wa kaka. Kama sababu ni hiyo sijui, na Rehema hajui. Nendeni hospitali mkaangaliwe.

Wifi aliniambia magadi ya dukani huyataki, na haya unayatia kwa ncha ya kidole ili yasiishe. Najua huogopi kuishiwa magadi. Ndiyo maana sikupiga simu; ningeisikia sauti yako, nikashindwa kumaliza. Nakuomba, mayu, usiyapikie tena, hata siku ya kumkumbuka.

Ila usiyatupe. Funga kopo, liweke juu ya kabati. Nimeomba ruhusa, nakuja. Nitapitia sokoni Bariadi ninunue mengine, nisonge ugali, wewe upike mlenda, na kopo lake liwe hapo tulipokaa.

Nisalimie wifi, mke wa marehemu, na mwanaye. Mwambie shangazi anamletea mswaki mpya. Nisalimie na baba mdogo wa Nyashimo akija.

Neno moja sikuwahi kukuambia. Mara ya kwanza Shija kukwangua magadi yale, mshahara ulikuwa umechelewa. Aliniambia, "Naona aibu kufika kwa mama mikono mitupu." Mlenda wako aliupenda hata bila magadi, mayu. Alikuwa anatafuta cha kushika mkononi tu.

Mwanao anayekuwaza asubuhi na jioni,
Kabula