Piano Mlangoni kwa Shemeji

Weka chini hicho kijiko usome. Shangazi kamkomesha shemeji yake! Kamkomesha!

Leo alikuwa anahamishia piano yake ghorofa ya pili. Wabebaji wazoefu bei zao hazishikiki, na shemeji, yule mdogo wa marehemu mumewe anayekaa ghorofa ya kwanza, aliapa kumbebea bure.

Asubuhi akadai mgongo unamuuma. Mgongo!

Shangazi akaazima kamba na mablanketi, akamwita seremala na majirani watatu. Wanapanda wanatweta, shemeji kasimama mlangoni kwake na suti, anacheka: "Wenzake wanabembeleza watoto, yeye anabembeleza kabati."

Mbele ya watu! Mjane wa kaka yake! Kisha huyo, akaingia ndani kuchukua funguo, mlango ukajifunga.

Shangazi akasema taratibu, "Tupumzike hapa." Piano ikatua pa! kwenye ule mlango, nao unafunguka kwa nje.

"Shemeji, nachelewa kikao!" akapiga kelele kutoka ndani.

"Pole. Migongo inatuuma."

Shangazi akakalia ndoo, akapiga wimbo wa chekechea. Uleule. Mara kumi na nne!

Mwishowe shemeji akaomba radhi kupitia tundu la ufunguo. "Sijasikia." Akarudia kwa kelele, jengo zima likasikia.

Piano ikasogezwa, akapenya kwa ubavu, akakuta sasa imeziba ngazi. Shangazi akamwonyesha upande mzito: "Utashuka hii ikishapanda."

Akaubeba! Na suti! Jasho linamchuruzika mpaka kwenye tai.

Kikao kilimpita. Na Shangazi, ninavyomjua kwa ukarimu, hata maji hakumpa.